Stelingi Hafi: Namna Biashara Kubwa Inavyozifanya Filamu Zifanane

Aliyekulia uswahilini na kuingia kibanda umiza anaijua sheria: stelingi hafi. Mmebanana kwenye mabenchi, magoti yako yanagusa mgongo wa aliye mbele, televisheni imepandishwa juu ya kabati ili hata wa nyuma waone, feni moja inazungusha joto lilelile. Stelingi amezingirwa na watu arobaini wenye bunduki, na risasi zimemwishia. Mtoto mgeni anaziba macho. Wenyeji wanamtuliza: acha woga, stelingi hafi. Na kweli, hafi.

Utotoni tuliichukulia sheria hiyo kama tunavyochukulia masika na kiangazi. Ndivyo dunia ilivyo. Ukubwani, baada ya miaka mingi ya kufuatilia habari za biashara ya filamu, nimeelewa ilikotoka. Stelingi hafi kwa sababu uhai wake umeshauzwa. Kuna mkataba wa filamu ya pili na ya tatu, kuna kiwanda kinachotengeneza vinyago vyenye sura yake, kuna boksi la chakula cha watoto litakalobeba picha yake. Mwandishi anayetaka afe, hata kama hadithi yenyewe inadai afe, anagombana na watu wengi ambao hawajawahi kuandika hadithi.

Watu wanapolalamika kwamba filamu kubwa za Marekani zimekuwa kama mapacha, lawama ya kwanza huwaangukia wasanii: wameishiwa. Mimi siikubali lawama hiyo. Hollywood ina waandishi wengi kuliko kazi zilizopo, na miswada mizuri ambayo haijawahi kupigwa picha imejaa madroo. Wasanii hawajaishiwa. Kilichobadilika ni bei ya kukosea, na bei hiyo ikipanda vya kutosha, hakuna anayethubutu kusema jambo ambalo halijasemwa.

Angalia filamu kumi zilizoongoza kwa mauzo ya tiketi Marekani mwaka 1981. Mbili tu zilikuwa mwendelezo wa kitu kilichotangulia, moja ya Superman na moja ya James Bond. Nyingine zilikuwa mchanganyiko mkubwa: vichekesho vya jeshini, tajiri mlevi aliyempenda msichana asiye na kitu, wakimbiaji wawili wa Uingereza wanaojiandaa na Olimpiki ya 1924. Nafasi ya pili ilishikwa na hadithi ya mume na mke wazee wanaopitisha kiangazi kando ya ziwa, mzee akikiogopa kifo na kushindwa kupatana na binti yake. Wazee wawili na ziwa, nafasi ya pili nchi nzima.

Sasa nenda mwaka 2019. Katika kumi bora za dunia hakuna hata moja iliyoanza na hadithi mpya. Kila moja ilikuwa mwendelezo, au marudio ya filamu ya zamani, au mhusika aliyekwisha kujulikana kutoka vitabu vya katuni. Saba kati ya hizo kumi zilitoka kampuni moja, Disney, na kila moja ya hizo saba iliingiza zaidi ya dola bilioni moja.

Tumefikaje huko? Njia ni ndefu, lakini ina kona chache ambazo ukizijua, mengine yote yanaeleweka.

Kona ya kwanza ni ya tarehe 20 Juni 1975. Kabla ya hapo filamu nyingi zilisafiri polepole. Zilifunguliwa katika kumbi chache za miji mikubwa, kisha zikashuka taratibu hadi miji midogo, zikibebwa na maneno ya waliokwisha kuziona. Filamu nzuri isiyo na jina iliweza kuanza kwa kusuasua na kumaliza mwaka ikiwa tajiri, maana jirani alimwambia jirani. Siku hiyo Universal ilitoa filamu ya papa iliyoongozwa na Steven Spielberg, Jaws, katika kumbi 409 kwa mpigo, baada ya kumwaga takriban dola 700,000 kwenye matangazo ya televisheni. Ilivunja rekodi. Kila studio ikaiga. Miaka 44 baadaye filamu ya nne ya mfululizo wa Avengers ilifunguliwa Marekani katika kumbi zaidi ya 4,600.

Fikiria maana yake. Filamu inayofunguliwa katika kumbi 4,600 Ijumaa usiku haina nafasi ya kumsubiri jirani amwambie jirani. Jumatatu asubuhi hukumu imeshatoka. Kwa hiyo lazima ijulikane kabla haijaonekana, na kitu pekee kinachoweza kujulikana kabla hakijaonekana ni kile ulichokwisha kukiona mahali pengine. Tangazo la sekunde thelathini haliwezi kukufundisha kuwapenda wazee wawili kando ya ziwa. Linaweza kukuonyesha ngao, kofia au nembo unayoijua tangu utoto, ukasisimka.

Matangazo hayo nayo yanakula. Filamu inayogharimu dola milioni 200 kuitengeneza huweza kuhitaji milioni 100 nyingine au zaidi kuitangaza duniani. Kumbi za sinema, kwa kukadiria, hubaki na nusu ya pesa ya tiketi. Piga hesabu: ili milioni 300 zirudi, watu wanatakiwa kununua tiketi za milioni 600 kabla senti ya kwanza ya faida haijaonekana. Aliyeweka milioni 300 mezani hataki kusikia neno "tujaribu".

Kona ya pili inahusu wenye mali. Mwaka 1919 Charlie Chaplin, Mary Pickford, Douglas Fairbanks na mwongozaji D. W. Griffith walianzisha United Artists ili wasanii wasambaze kazi zao wenyewe bila kuamriwa na mabwana wa studio. Mwaka 1967 kampuni hiyo ikanunuliwa na Transamerica, iliyokuwa kampuni ya bima na fedha. Haikuwa peke yake. Paramount ilikwisha chukuliwa mwaka 1966 na Gulf and Western, kampuni iliyoanzia kwenye vipuri vya magari. Warner ikaangukia mikononi mwa Kinney mwaka 1969, kampuni iliyojengwa kwa maegesho ya magari na huduma za mazishi. Columbia ikanunuliwa na Coca-Cola mwaka 1982.

Sina ubaya na mfanyabiashara wa vipuri wala wa soda. Lakini mwenye soda amefanikiwa maisha yake yote kwa kuhakikisha kitu kimoja: chupa ya leo iwe na ladha ileile ya chupa ya jana, Nairobi iwe kama Atlanta. Hiyo ndiyo sifa ya bidhaa njema. Ukimkabidhi filamu, ataitafutia sifa hiyohiyo kwa nia safi kabisa.

Halafu likatokea la mwaka 1980. United Artists ilimpa Michael Cimino, mwongozaji aliyekuwa ametoka kushinda Oscar, uhuru mkubwa kwenye filamu ya wahamiaji na wenye ng'ombe wa Wyoming. Iligharimu takriban dola milioni 44 na ikarudisha chini ya milioni 4 Marekani. Mwaka uliofuata Transamerica ikaiuza United Artists kwa studio ya MGM. Kampuni iliyoanzishwa na wasanii kwa ajili ya wasanii ikapoteza uhuru wake, na kilichobaki midomoni mwa watu wa Hollywood ni jina la filamu moja, Heaven's Gate, lililogeuka kuwa onyo. Kwa miaka mingi mwongozaji aliyeomba uhuru alijibiwa kwa jina hilo.

Watu wa fedha hawana kumbukumbu fupi kuhusu hasara. Machi 2012 Disney ilitangaza kwamba inatarajia kupoteza takriban dola milioni 200 kwa filamu ya mhusika ambaye vijana wengi hawakumjua. Oktoba mwaka huohuo ikatangaza kuinunua Lucasfilm, wenye Star Wars, kwa dola bilioni 4.05. Ilikuwa imeshainunua Marvel, wenye Avengers, mwaka 2009 kwa takriban bilioni 4. Ukisoma matukio hayo kwa mfuatano unaona fikra nzima: wageni wametutia hasara, tununue watu wanaojulikana. Mwaka 2019 ikamalizia kwa kumeza sehemu kubwa ya 21st Century Fox kwa zaidi ya bilioni 71, na studio kubwa iliyokuwa ikishindana nayo tangu 1935 ikawa idara ndani ya nyumba yake.

Hapa inabidi nisimame, kwa sababu watu hukimbilia kusema tatizo ni ukiritimba tu, na kwamba wakiongezeka washindani vitu vitakuwa tofauti. Mambo ni magumu zaidi ya hapo. Ushindani wenyewe unaweza kuzaa ufanano.

Mwaka 1929 mwanauchumi Harold Hotelling aliandika makala kuhusu wauzaji wawili kwenye mtaa mmoja. Mfano nitakaoutumia ni wangu, hoja ni yake. Chukua kilomita moja ya Coco Beach, Dar es Salaam, jioni ya Jumapili, watu wametapakaa sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Wako wauza mihogo wawili, bei moja, pilipili moja, kachumbari moja. Kila mteja anakwenda kwa aliye karibu. Kwa raha ya wateja, mmoja angekaa mita 250 kutoka mwanzo na mwingine mita 250 kutoka mwisho. Hakuna ambaye angetembea zaidi ya mita 250 kufuata muhogo wake.

Lakini wa kwanza anawaza: nikisogea kidogo katikati, wa upande wangu bado ni wangu, na nitanyakua wachache wa mwenzangu. Anasogea. Mwenzake anaona, naye anasogea. Jua linapozama wote wawili wako katikati, karai kwa karai, moshi wao umechanganyika. Kila mmoja bado ana nusu ya wateja, kama angekuwa pale alipoanza. Hakuna aliyepata kitu. Aliyepoteza ni familia iliyoketi mwisho wa ufukwe, ambayo sasa inatembea nusu kilomita. Hotelling mwenyewe aliona kwamba hoja hii inavuka maduka. Alitaja vyama vya siasa, madhehebu ya dini, hata ladha ya juisi ya tufaha, kwamba vyote husogeleana hadi kufanana kupita kiasi.

Studio zinazoshindana kwa mtazamaji yuleyule wa wastani hukutana katikati vivyo hivyo. Ndiyo maana mabango ya filamu za vita na mashujaa yalijaa rangi mbili kwa miaka mingi, chungwa na buluu: ngozi ya binadamu ina uchungwa, na ngozi hiyo hujitokeza vizuri ikiwekwa mbele ya buluu. Mmoja aligundua, ikamlipa, wengine wakasogea. Muziki wa filamu nao ulikumbwa. Mhariri anapounganisha picha hupachika muziki wa muda kutoka filamu iliyokwisha kufanikiwa, mwongozaji anauzoea, na mtunzi anapofika anaambiwa atunge kitu cha namna ile. Filamu inayofuata inapachikwa muziki wa huyo.

Na kuna upande wa pili wa shilingi ambao ulinishangaza nilipokutana nao. Mwaka 1952 mwanauchumi mwingine, Peter Steiner, aliuliza swali hilihili kuhusu redio. Tuseme mjini kuna vituo vitatu, wasikilizaji 80 kati ya 100 wanataka dansi na 20 wanataka taarabu. Vituo vikiwa na wamiliki watatu wanaopigana, kila mmoja atapiga dansi, maana theluthi moja ya 80 ni karibu 27, na 27 ni zaidi ya 20. Wapenzi wa taarabu wanakosa kabisa. Vyote vitatu vikiwa vya tajiri mmoja, hana sababu ya kupiga dansi kwenye vituo viwili, atakuwa anajinyang'anya wateja mwenyewe. Kimoja atakipa dansi, kingine taarabu, na wasikilizaji wote 100 ni wake. Kwa hesabu hiyo, tajiri mmoja anaweza kuleta utofauti kuliko watatu wanaogombana.

Marekani ilikuja kuijaribu hesabu hiyo kwa vitendo. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 iliondoa ukomo wa idadi ya redio ambazo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima. Clear Channel ikapanda kutoka vituo kama 40 hadi takriban 1,200 ndani ya miaka michache. Majina ya aina za vituo yaliongezeka, kama Steiner alivyotabiri. Waliokwenda kusikiliza kilichokuwa kinapigwa walikuta nyimbo nyingi ni zilezile zikizunguka kutoka kituo hadi kituo chini ya majina tofauti. Kubandika jina jipya ni rahisi. Kumpa mtu wa Ohio uhuru wa kupiga anachokipenda yeye kunahitaji kumlipa mtu wa Ohio, wakati kipindi kimoja kilichorekodiwa mji mwingine kingeweza kurushwa kila mahali.

Kwa hiyo hesabu ya Steiner inafanya kazi pale ambapo kuongeza taarabu hakuna gharama. Kwenye sinema gharama ipo, na ni kubwa mno. Kila filamu ya ziada inadai matangazo yake na wikiendi yake. Mwenye Star Wars, Marvel na mabinti wa kifalme hapati faida kwa kuongeza hadithi ya wazee na ziwa, ambayo haiuzi vinyago wala haijengewi bustani ya burudani. Ukubwa wake haumpi ujasiri wa kujaribu. Unamwonyesha tu jinsi kila kisichojaribiwa kilivyo kidogo ukilinganisha na kile alicho nacho.

Filamu za kati, zile za dola milioni 20 au 40, ndizo zilizoumia zaidi. Zamani zilikula mara mbili: kidogo kwenye kumbi, kisha miezi michache baadaye zikauzwa na kukodishwa kwa kanda, baadaye DVD. Filamu iliyoshindwa sinema ilipata maisha ya pili sebuleni. Mauzo ya DVD yalipoanza kuporomoka mwishoni mwa miaka ya 2000, ule mlo wa pili ukaondoka mezani, na pamoja nao ikaondoka ngazi ya katikati. Leo kijana mwenye kipaji anaweza kutengeneza filamu ndogo sana au kubwa sana. Barry Jenkins alitengeneza Moonlight kwa bajeti isiyofika dola milioni 5, ikashinda Oscar ya filamu bora ya mwaka 2016. Mwaka 2024 jina lake lilikuwa kwenye filamu ya simba wa Disney. Ninamheshimu mno, na msanii ana haki ya kula. Ila natamani tungeiona filamu yake ya milioni 30, kuhusu jambo alilolibeba moyoni peke yake.

Kona ya tatu inatugusa sisi moja kwa moja, kwa kuwa sisi ndio soko la nje. Kwa filamu nyingi kubwa, pesa inayotoka nje ya Marekani sasa ni zaidi ya ile ya ndani. Filamu inayotakiwa kueleweka Seoul, São Paulo na Lagos kwa wakati mmoja lazima ivuliwe kila kitu kinachohitaji uwe mwenyeji. Mzaha wa Simba na Yanga unaangusha watu Kariakoo. Upeleke Seoul, utahitaji ukurasa mzima wa maelezo, na mzaha wenye maelezo umekufa. Ngumi haihitaji maelezo. Jengo linaloanguka halihitaji mkalimani. Kidogo kidogo vichekesho vya maneno vikapungua, majengo yanayoanguka yakaongezeka.

Wakubwa wa soko nao wana masharti. China iliongeza idadi ya filamu za nje zinazogawana mapato kutoka 20 hadi 34 kwa mwaka mnamo 2012, na kila studio ikaitamani nafasi humo. Marudio ya filamu moja ya vita, Red Dawn, yalikuwa yameshapigwa picha wavamizi wakiwa Wachina. Kabla haijatoka mwaka huo 2012, bendera na alama zikabadilishwa kwa kompyuta, wavamizi wakawa wa Korea Kaskazini, nchi isiyonunua tiketi. Adui wa filamu anachaguliwa kwa kuangalia nani si mteja.

Hebu tuje nyumbani, kwenye maneno mawili ambayo kila mgeni anayetua Zanzibar anashuka nayo kwenye ndege.

"Hakuna matata" ni Kiswahili, hilo halina ubishi. Matata tunayo, na utata tunao, mtoto mtundu tunamwita mtata, na ndugu zetu wa Kongo hulitumia neno matata kila siku. Ila mtu wa Temeke akikukanyaga kwa bahati mbaya ukamwambia usijali, utasema hamna shida, au hamna noma, au haina neno. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ya pwani ya Kenya, iliyopiga kwenye hoteli za watalii, ilirekodi wimbo wa kuwakaribisha wageni wenye maneno hayo. Mwaka uliofuata Boney M wakaurekodi Ulaya. Mwaka 1994 Disney wakatoa filamu yao ya simba na wimbo mwingine kabisa wenye maneno hayohayo, na mwaka huo wakaomba kuyasajili Marekani kuwa alama ya biashara kwa ajili ya nguo. Usajili ulipitishwa mwaka 2003. Mwishoni mwa 2018 mwanaharakati mzaliwa wa Zimbabwe alianzisha ombi la kupinga, na zaidi ya watu laki moja wakatia saini.

Usajili huo haumkatazi mtu kusema maneno hayo, wala bibi yako hatashitakiwa. Unahusu fulana na bidhaa za namna hiyo katika soko la Marekani. Kinachoniuma mimi si sheria yenyewe. Watayarishaji wa filamu ile walifika hadi Hell's Gate, Kenya, kuangalia miamba na nyasi. Wakachukua simba, rafiki na shenzi, wakachukua pumbaa, ambacho kwetu ni kitenzi. Majina yakawa ya Kiswahili, mandhari ikawa ya kwetu, na hakukuwa na binadamu hata mmoja wala kijiji. Lugha ikachukuliwa bila wenye lugha, kama embe lililomenywa na kutolewa kokwa ili lisafiri vizuri.

Pita leo kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Fulana zimetundikwa, Hakuna Matata kwa rangi zote. Kijana anayeziuza, mzaliwa wa hapo, babu zake walizungumza Kiunguja ambacho waandaaji wa Kiswahili sanifu walikichagua kuwa kielelezo, anamwita mtalii: "Jambo! Hakuna matata!" Akimgeukia mwenzake wa duka la pili anamwambia kitu kingine, kwa sauti nyingine, kwa lugha iliyojaa chumvi na utani. Mbele ya mgeni anasema lugha yake kama mgeni anavyotarajia isemwe. Analazimika, ana watoto wa kulisha. Nimesimama nikamsikiliza siku moja kwa muda mrefu, na sijui kama nimewahi kuona kwa uwazi zaidi ufanano unavyofanya kazi: ulivuka bahari na sasa uko mdomoni mwa mtu.

Wala tusidhani ugonjwa huu unawapata wenye mabilioni peke yao. Bongo Movie ilipochanua miaka ya 2000, wasambazaji wachache wa Dar es Salaam ndio walioshika mlango wa kutokea. Walinunua sura iliyo kwenye kasha. Kama stelingi hana jina, hadithi haisomwi. Filamu moja ikakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili, na waandishi wakajifunza kurefusha matembezi ya magari na mazungumzo ya sebuleni hadi dakika zitimie. Kiasi cha pesa kilikuwa kidogo sana, utaratibu ulikuwa uleule: anayebeba hasara ndiye anayeamua nini ni salama, na salama ni kile kilichouzwa jana.

Wajerumani wawili waliomkimbia Hitler, Theodor Adorno na Max Horkheimer, waliyaandika haya wakiwa Los Angeles miaka ya 1940, hatua chache kutoka studio zenyewe. Walisema utamaduni umekuwa kiwanda, na kwamba tofauti kati ya filamu na filamu ni kama tofauti kati ya gari la Chrysler na la General Motors: ya kumpa mnunuzi hisia kwamba anachagua. Kuhusu kiwanda waliona mbali. Kuhusu watu, naona walikosea. Adorno hakusikia chochote kwenye jazi ila kiwanda, na aliyeshindwa kuwasikia watu ndani ya jazi asingewasikia kwenye kibanda umiza.

Maana kule kibandani kulikuwa na mtu mwingine ambaye sijamtaja bado: mtafsiri. Dar es Salaam Lufufu alijijengea jina kwa kazi hiyo. Kenya kuna DJ Afro, ambaye sauti yake imepita kila basi na kinyozi. Uganda wanawaita vijei, na Kampala ukumbi hujaa kwa jina la vijei kuliko la mwigizaji. Neno kutafsiri halitoshi kuieleza kazi yao. Filamu ile iliyovuliwa kila kitu ili ieleweke kila mahali, wao wanaivalisha upya. Wanampa adui jina la mtaani, wanamlaumu stelingi kwa kumwacha mama yake bila hela ya mboga, wanasimamisha vita ili waeleze kwa nini huyu anamchukia yule, na sababu wanayoitoa wakati mwingine haimo kabisa kwenye filamu.

Nakumbuka jioni moja, nina miaka kama kumi, tumelipa sarafu zetu kwa mama mwenye kibanda, mvua inapiga bati. Kwenye kioo komando wa Kimarekani anamwinamia rafiki yake anayekata roho porini, na mdomo wake unasogea kidogo tu, maneno matatu au manne. Mtafsiri kwenye kaseti akachukua muda wake. Akasema komando anamwahidi mwenzake kwamba atarudi Mbagala, atamtafuta mama yake, atamwambia kwamba mwanawe hakufa kama mbwa, na ile baiskeli amwachie mdogo wake. Benchi zima lilinyamaza. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni akivuta sigara aliitupa nje kwenye maji.

Tulirudi nyumbani kwenye matope tukibishana kama yule mdogo wake angeiweza ile baiskeli.